Tunamwachia Mungu yaliyotushinda tu

Kuna hii kauli, "namwachia Mungu". Tunaipenda mno. Umeibiwa simu kwenye daladala, unamwachia Mungu. Jirani kasogeza mpaka wa kiwanja na umezunguka ofisi zote hujasikilizwa, unamwachia Mungu. Umeachwa, namwachia Mungu, na unaiandika kabisa kwenye status ili mhusika aione, maana tukisema ukweli nusu ya mara tunazoitamka sio maombi yale, ni mkwara.

Lakini angalia tunamwachia nini. Tunamwachia vilivyotushinda. Ugonjwa ambao hospitali wamesema mrudisheni nyumbani, kesi iliyogoma, mtoto aliyeshindikana, hivo ndo tunavibeba mpaka madhabahuni kwa machozi. Ila mshahara ambao unaingia vizuri, biashara inayotembea, hasira zangu ambazo zinanisaidia watu waniogope, simu yangu yenye password, hapo hapana, hapo tunajiweza wenyewe. Mungu tumemfanya stoo. Kikiharibika ndo kinapelekwa kule.

Nadhani hata neno lenyewe linatuponza. Kujisalimisha tunakujua kwa polisi, jambazi kazungukwa, risasi zimemuishia, ananyoosha mikono. Kwa hiyo mhubiri akisema jisalimishe kwa Bwana, kichwani inakuja picha ya mtu aliyeshindwa, na kama mwaka huu mambo yako yanaenda poa unaona hiyo haikuhusu, inamhusu yule dada wa benchi la nyuma anayelia.

Sasa mtazame Yesu pale Gethsemane. Tunakumbuka jasho na ile sala ya si mapenzi yangu bali yako, ila kuna kitu Mathayo kakiandika sura ya 26 tunakipita haraka, mwanafunzi wake mmoja katoa upanga, Yesu anamwambia urudishe, wewe unadhani siwezi kumwomba Baba yangu sasa hivi aniletee majeshi zaidi ya kumi na mawili ya malaika? Yani alikuwa anaweza. Huyu hajazungukwa huyu. Alijitoa akiwa na uwezo wote mkononi, na Ibrahimu vilevile, aliambiwa amtoe Isaka akiwa mzima wa afya, anatembea kwa miguu yake na kuni kabebeshwa, angekuwa mgonjwa mahututi hadithi ingekuwa nyingine kabisa.

Kabla sijaendelea niseme mambo mawili maana nawajua watu wa komenti. Sizungumzii ile "jitoe kikamilifu" ya kuambiwa utoe hela ya kodi upande mbegu, hiyo ni biashara ya mtu. Na sizungumzii mama anayepigwa kila wiki afu wazee wa kanisa wanamwambia mwachie Mungu mama, vumilia. Huyo aondoke, aende polisi, na wanaomwambia avumilie ndo wenye kazi ya kutubu. Haya tuendelee.

Sisi huku Afrika Mashariki mbona tuna mfano wetu mkubwa tu. Mwaka 1929, kilima cha Namirembe pale Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa anafanya kazi Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka kweli, Rwanda imetoka kupigwa na njaa mbaya, akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakakaa wawili na Biblia wakisoma na kuomba. Mzungu mmisionari na Mwafrika, kipindi kile cha ukoloni, kila mmoja anakiri mbele ya mwenzie kwamba amepungukiwa. Miaka ya 30 moto wa uamsho ukawaka Gahini, ukaenda Burundi, Uganda, ukavuka mpaka Kagera kwetu, ukafika Kenya. Neno mlokole tunalotumia siku hizi kumtania mtu anayekataa bia limetokea huko, ni Kiganda, aliyeokoka.

Na unajua watu walikuwa wanawajuaje hao walokole? Sio kwa kulia, ingawa walilia sana. Walirudisha vitu. Mtu anabisha hodi kwako, anakwambia hili jembe niliiba, hii hela niliipunja, nisamehe. Kuokoka kulikuwa na mzigo wa kubeba kichwani kurudisha kwa mwenyewe. Na Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kwenye wimbi hilohilo, alipokuja kuwa askofu mkuu wa Uganda yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa. Cheo alikuwa nacho, angeweza kunyamaza akakitunza.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya shangazi yangu.

Mwaka 2019 nilikwama ada semista ya mwisho, shangazi akauza maharage akanikopesha laki 3. Nikamaliza chuo, nikapata kazi, nikaoa, nikawa mtu wa mikesha, kwaya, maombi ya mfungo siku 21, na kila mwaka naitika wito wa kwenda mbele kujiweka wakfu upya, Bwana nichukue wote, nalia kabisa. Deni nalijua lipo. Sio kwamba sikuwa na hela, kuna mwezi nilibadilisha tv. Nilikuwa najiambia shangazi hana shida, na yeye hajawahi kuulizia, na siku hizi hata simu zake nilikuwa nachelewa kupokea.

Mwaka huu wakati wa mfungo nikasoma tena habari ya Anania na Safira, wale mume na mke wa Matendo sura ya 5 walioanguka wakafa. Zamani nilikuwa naona Mungu aliwaonea, watu wametoa hela ya kiwanja jamani, hata kama sio yote! Ila Petro hakuwagombeza kwa kubakiza, alimwambia Anania kabisa kwamba hela ilikuwa chini ya mamlaka yako, kosa ni kuja na nusu ukasema hii ndo yote. Nikafunga Biblia. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi kama dakika kumi hivi, afu nikarusha laki na nusu kwa simu na nikapiga.

Shikamoo shangazi. Marahaba baba, hii hela umekosea namba? Nikamwambia hapana, ni ile ya chuo, nusu yake, naomba unisamehe nimekaa nayo miaka mingi na nilikuwa naweza kulipa. Kimya. Nikasikia kuku kwa nyuma. Afu akasema, "Mbona ile nilishamwachia Mungu."

Sikuwa na la kusema. Miaka yote nadhani mimi ndo mwenye mambo ya kumwachia Mungu, kumbe nilikuwa mmoja wa mambo hayo, nimekaa kwenye listi ya mama mmoja kijijini pamoja na mwizi wake wa mbuzi.

Akaniuliza watoto wazima, akasema mbolea imepanda bei, tukaagana. Laki na nusu iliyobaki naituma mshahara ukitoka. Mke wangu nimemwambia ukiona tarehe 30 imepita hujaona meseji ya muamala niulize, na ameshaanza kuuliza leo, tarehe 24.