Mwandishi akitia nia, msikilizaji aambiwe

Waandishi wa habari kuingia siasa si jambo jipya kwetu. Benjamin Mkapa alihariri The Nationalist na Daily News miaka mingi kabla ya kuchaguliwa Rais wa Tanzania mwaka 1995. Saed Kubenea wa gazeti la MwanaHalisi, aliyevamiwa ofisini na kumwagiwa kemikali usoni mwaka 2008, alishinda ubunge wa Ubungo mwaka 2015. Huko Mombasa, Mohammed Ali, aliyevuma kwa makala za uchunguzi za Jicho Pevu kwenye televisheni ya KTN, alichukua jimbo la Nyali mwaka 2017 akiwa mgombea binafsi.

Wapo wanaotaka waandishi wasigombee kabisa. Siungani nao. Mwandishi aliyehudhuria vikao vya baraza la madiwani kwa miaka anajua zabuni zinapitaje, mradi wa maji umekwama wapi na nani hapokei simu. Haki ya kugombea ni yake kama ilivyo ya mwalimu au mfanyabiashara. Tena si haki kumbana mtangazaji wa mshahara mdogo huku familia za wanasiasa zikimiliki vyombo vyenyewe: nchini Kenya, Standard Group imehusishwa kwa muda mrefu na familia ya Moi, na Mediamax na familia ya Kenyatta.

Kinachonisumbua ni kwamba mjadala wetu unaanza kwa kuchelewa. Tunauliza mwandishi aachie kazi lini baada ya kuchukua fomu, wakati mgongano wa maslahi ulishaanza siku alipotia nia.

Chukua kipindi cha asubuhi cha redio ya wilayani. Msikilizaji anapiga simu: kisima cha kijiji kimeharibika, huu mwezi wa pili. Mtangazaji ndiye anayeamua kama simu hiyo ipite tu, au diwani apigiwe papo hapo ajieleze hewani. Akimpigia, anafanya kazi yake. Lakini kama anajiandaa kugombea kata ileile, maswali yake tayari ni kampeni, na diwani hajui kwamba anahojiwa na mpinzani wake. Sauti hiyohiyo ndiyo inayosoma salamu na matangazo ya vifo. Hakuna mtia nia mwingine anayeingia kila nyumba, kila siku, bila kulipia. Baya zaidi ni lile lisilosikika, yaani habari anazoziacha. Anayehitaji kupita kura za maoni atathubutu kuuliza fedha za mradi uliosimamiwa na vigogo wa chama chake?

Sheria za wenzetu nazo huchelewa. Marekani, kifungu cha 315 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 huwapa wapinzani nafasi sawa hewani pale tu mtu anapokuwa mgombea rasmi. Ufilipino humtaka mtangazaji anayegombea ajiuzulu mwajiri akidai hivyo, au achukue likizo kipindi cha kampeni. Nicholas Kristof wa New York Times aliwahi mapema zaidi: alichukua likizo Juni 2021 akiwa bado anatafakari kugombea ugavana wa Oregon, akajiuzulu Oktoba.

Kwetu kikwazo ni pesa. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na kuwaambia wakae nyumbani miezi sita ni kuwaachia wenye akiba peke yao wagombee. Ningependa sharti jepesi linaloanza mapema: ukishaanza mazungumzo na chama au kutafuta wa kukuunga mkono, mwandikie mhariri, ondoka kwenye maikrofoni na habari za siasa, upewe kazi za nyuma ya pazia kwa malipo yaleyale. Mhariri naye awatangazie wasikilizaji. Ndiyo, anayejulikana mapema anaweza kuandamwa na walioko madarakani, na hofu hiyo naielewa. Bado naona msikilizaji anastahili kujua.

Na anayeshindwa? Kristof, aliyekwamishwa na masharti ya ukaazi, alirejea gazetini Agosti 2022. Mtangazaji wa wilayani naye arudi kazini, ila habari za diwani aliyembwaga zishikwe na mwenzake hadi uchaguzi unaofuata, hata kama kituo kina waandishi watatu tu.