Mpe Mwenzako Pedi, Kisha Nyamaza

Kila ninapokutana na mpenzi wa gemu anayelalamika kwamba mkewe, mumewe au mchumba wake hataki kabisa kucheza, huwa namuuliza alimwanzishia na gemu ipi. Jibu karibu kila mara ni mpira. Mwenzake aliketishwa kwenye kochi, akakabidhiwa pedi ya kuchezea gemu, akaelezwa vitufe vyote kwa mkupuo mmoja, kisha akafungwa saba bila. Tangu siku hiyo gemu zikawa "mambo yenu hayo". Mimi nasema huyo mtu hachukii gemu. Bado hajacheza. Alichokutana nacho ni kufungwa na mtu anayempenda, ndani ya nyumba yake mwenyewe, katika mchezo ambao mmoja wao tu ndiye anayeujua.

Nyumbani kwetu mchezaji ni mimi. Nilikulia na kaka zangu kwenye zile gemu za kaseti za kuchomeka kwenye TV, Mario na Contra, baadaye PlayStation ya kwanza na ya pili. Mume wangu hakupita njia hiyo. Yeye ni mtu wa drafti, na tulipooana alikuta mashine chini ya TV na mke anayeijua vizuri. Kwa hiyo suala la kumwingiza mwenza kwenye gemu nimeliwaza sana, na ninaamini kizuizi kikubwa kiko mikononi, wala si moyoni.

Chukua pedi ya PlayStation uitazame kama mtu aliyeiona leo. Ina vitufe zaidi ya kumi, vingine vimekaa nyuma ambako macho hayafiki. Ina analogi mbili, vile vijiti vifupi vya kusukuma kwa dole gumba. Katika gemu nyingi za sasa, ya kushoto humtembeza mhusika na ya kulia hugeuza kamera. Sisi tuliozoea hatuoni tena kwamba tunafanya kazi mbili kwa pamoja, miguu kwa dole gumba hili na shingo kwa lile. Mgeni analiona hilo kila sekunde. Anatembea, anasimama, anageuza kamera, kamera inatazama angani, anairudisha, anaanza kutembea tena, anagonga ukuta. Anatokwa jasho kwa kazi ambayo kwako wala haihesabiki kuwa sehemu ya mchezo.

Nasi hatukuzaliwa na ujuzi huo. Tulifundishwa kidogo kidogo bila kujua. Pedi ya Nintendo ya miaka ya 1980 ilikuwa na msalaba wa kuelekeza na vitufe viwili vya kuchezea, A na B. PlayStation ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1994, pedi yake haikuwa na analogi hata moja. DualShock yenye analogi mbili ilikuja 1997. Aliyekua na mashine hizo alipewa miaka ya kuzoea kila kilichoongezwa. Halafu leo tunataka mtu mzima ameze vyote jioni moja, huku tumemkalia begani tukipiga kelele, "Bonyeza X! X, siyo hicho!" Ni sawa na kumkabidhi mtu gari la gia kwenye barabara kuu saa ya foleni, kisha ukashangaa injini kuzimika.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa kila mahali kwamba wapenzi waanze na It Takes Two. Naipenda mno gemu hiyo. Ilitoka 2021, imetengenezwa na kampuni ya Hazelight ya Sweden chini ya Josef Fares, na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Kisa chake ni cha mke na mume, May na Cody, wanaotaka kuachana. Machozi ya binti yao Rose yanawageuza wanasesere, na hawana budi kushirikiana ili warudi walivyokuwa. Uzuri wake uko kwenye mgawanyo wa kazi. Cody anarusha misumari, May ana kichwa cha nyundo, na bila msumari wa yule nyundo ya huyu haina pa kuning'inia. Mbele kidogo Cody anamwaga utomvu na May anaulipua kwa viberiti. Ubingwa wako hausaidii kama mwenzako hajatimiza sehemu yake, na kwa wapenzi hilo ni jambo kubwa.

Lakini gemu hiyo inataka uruke, udandie na uteleze huku ukigeuza kamera. Kwa mtu ambaye dole gumba lake la kulia halijafundishwa, saa ya kwanza ni mateso. Iwe gemu yenu ya pili au ya tatu, akishazoea. Hapo mtaifurahia mpaka mwisho, na kuna sifa yake moja ambayo wengi hawaijui: nakala moja ikinunuliwa, mwenzako anaweza kujiunga kwa mtandao bila kununua yake. Kwa wale ambao mmoja yuko Muscat kikazi na mwingine yuko Tanga, kama kila mmoja ana mashine na intaneti ya kuaminika, hiyo ni njia nzuri sana ya kukaa pamoja. Nitoe tahadhari moja tu. Kuna sehemu ya tembo wa kitambaa. Sitaieleza, ila kama mwenzako ana moyo laini, uwe karibu naye mtakapofika hapo.

Pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni gemu zinazotazamwa ubavuni, ambazo hazina kamera ya kugeuza. Unravel Two ya mwaka 2018, nayo kutoka Sweden, ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Mnakuwa viumbe wawili wa uzi wa kufumia, mmefungwa kwa uzi mmoja. Mmoja akishindwa kuvuka pengo, anajiviringisha kwa mwenzake, anabebwa, wanavuka, kisha anashuka na kuendelea na safari yake. Hakuna anayezomewa wala hakuna ubao wa magoli. Tulipoicheza, mume wangu alikuwa anasimama njiani kutazama majani yanavyotikisika na maji yanavyopita. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika mbele. Yeye aliniambia, "Mama, tulia kwanza, hapa pazuri." Na kweli palikuwa pazuri. Nilikuwa nimeshapita sehemu za namna hiyo kwenye gemu nyingi bila kuzitazama.

Hilo linanileta kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko lolote. Ukishampa pedi, usiinyang'anye. Ile kauli ya "nilete nikuvushe" imeua hamu ya wachezaji wengi kuliko ugumu wa gemu yoyote. Unamvusha, ndiyo, lakini unamwambia pia kwamba kwenda mbele ni muhimu kuliko yeye kuwepo. Mwache apotee. Mwache aangukie shimo lilelile mpaka mwenyewe agundue kwamba alikuwa anaruka mapema. Akiuliza, jibu alichouliza tu. Asipouliza, kula karanga zako. Furaha ya gemu ni kugundua, na ukishamwambia mtu jibu, umeshamaliza kile kilichokuwa chake.

Kama nyote ni watu wa mpira, basi sogezeni pedi zote mbili upande mmoja na mcheze dhidi ya kompyuta. Gemu za mpira za kampuni ya EA zinaruhusu hivyo, zile ambazo kwenye vibanda vya gemu bado zinaitwa FIFA ingawa jina lilibadilika kuwa EA Sports FC mwaka 2023. Mkifungwa, mmefungwa pamoja, mnalaumu kipa. Na kama lazima mshindane, Tekken 3, ile ya kupigana, ina huruma kuliko mpira, kwa sababu ya Eddy Gordo. Kila aliyekaa kibandani anamjua: yule Mbrazili wa kapoera anayepigana kwa miguu, ambaye mtu akibonyeza ovyo bado anatoa mateke ya kutisha. Wazoefu wengi hawampendi. Mimi nadhani ni mmoja wa wahusika wenye ukarimu zaidi, kwa kuwa anampa mgeni ushindi halali siku ya kwanza.

Overcooked, ile ya kupika mkiwa wawili jikoni, subirini. Vidhibiti vyake ni vyepesi lakini saa inakimbia na mtapigiana makelele. Uhusiano ukiwa na miaka kadhaa, sawa.

Mambo yalibadilika kwetu nilipoacha kuuliza "atapenda gemu ipi kati ya zangu" na kutazama anachokipenda yeye tayari. Mume wangu, kama nilivyosema, ni wa drafti. Anaweza kukaa kijiweni jioni nzima mbele ya ubao uliochorwa kwa mkono, vizibo vya soda vikiwa kete, akimngoja mwenzake akosee. Anapenda kuona mbali, kutoa kete moja ili ale tatu, kuingiza kingi bila papara. Mtu huyu hahitaji kufundishwa kufikiri. Anahitaji gemu isiyomharakisha vidole.

Ipo. Inaitwa Into the Breach, ilitoka 2018, kazi ya Subset Games, na mwaka 2022 ikaingia kwenye simu kupitia Netflix. Uwanja wake ni miraba minane kwa minane, kama ubao wa drafti. Unaongoza roboti watatu dhidi ya wadudu wakubwa wanaotoka ardhini, mnacheza kwa zamu, na hakuna saa inayokimbia. Kinachonivutia ni kwamba wadudu wanakuonyesha kabisa wanakotaka kupiga kabla hawajapiga. Hakuna bahati ya kusingizia kama mdudu atapiga kushoto au kulia, unajua. Kazi yako ni kutafuta namna ya kuharibu mpango wake: umsukume mraba mmoja ili amgonge mwenzake, au umzuie kutoka shimoni kwa kusimama juu ya shimo, au ukubali roboti wako aumie ili jengo lenye raia lisiguswe.

Niliifungua, nikaiweka mbele yake, nikaenda kuangalia chakula jikoni. Niliporudi alikuwa ameinamia skrini mkono shavuni, vilevile anavyokaa kijiweni. Hakuniuliza kitufe hata kimoja. Baadaye aliniita, "Njoo uone nimemfanyaje huyu," akanieleza hatua zake moja baada ya nyingine kama anavyosimulia mchezo mzuri wa drafti, na nilikiri kwamba nisingeliona hilo.

Kwa mwenza wako inaweza isiwe drafti. Mtu anayependa shamba na bustani, anayejua kungoja mahindi, mwonyeshe Stardew Valley, gemu aliyoitengeneza Eric Barone peke yake na kuitoa 2016. Inapatikana kwenye simu, na kwenye mashine mnaweza kulima shamba moja pamoja, skrini imegawanywa, fedha mkiziweka kwenye mfuko mmoja mkitaka. Anayependa hadithi za mapenzi na hana muda, Florence ya 2018 inachezwa kwenye simu kwa kama nusu saa na hakuna namna ya kushindwa. Na kama mama mkwe au mwenza wako anacheza Candy Crush kwenye daladala, tafadhali usimwambie kwamba hiyo si gemu. Ni gemu. Tayari mmeshakutana njiani.

Najua kuna wanaosema mtu mzima mwenye ndoa hana kazi na gemu, ni mambo ya watoto. Mbona hawasemi hivyo kwa wazee wa bao au wa karata? Wale tunawaita watu wa akili, na ni kweli wana akili. Kutumia akili mbele ya skrini hakugeuki kuwa utoto kwa sababu tu kuna waya umechomekwa ukutani. Ninachokubali ni kwamba muda ni wa wote wawili. Kama gemu inakula usiku mzima na mwenzako analala peke yake, hapo anayo hoja, na wala hutaimaliza kwa kumnunulia pedi.

Wengine watabaki kutazama tu, na hilo nalo linatosha. Kuna mke anayejua kisa chote cha gemu ya mumewe bila kushika pedi, anayesema "rudi, kuna mlango umeuacha kushoto". Huyo yumo mchezoni. Akikataa hata kutazama, mwache. Alikupenda wewe, hakutia saini ya kupenda na mashine.

Sisi kwa sasa tumekwama kwenye ubishi. Into the Breach ina visiwa vinne, na ukishaokoa viwili unaruhusiwa kwenda kwenye pambano la mwisho. Mimi nasema viwili vinatosha, twende tukamalize, maana kadiri unavyokusanya visiwa ndivyo na pambano la mwisho linavyokuwa zito. Yeye anasema hawezi kwenda vitani akiwaacha watu wa visiwa viwili nyuma, na kwamba roboti wenye silaha zaidi wataubeba huo uzito. Jana alinichorea mpango wake mzima nyuma ya risiti ya duka. Bado nasema viwili.