Akupancha na kemia ya ubongo: naloksoni imethibitisha nini hasa?

Watetezi wa akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, wana hoja moja nzito: naloksoni. Dawa hii huziba vipokezi vya neva ambavyo mofini, dawa kali ya maumivu ya jamii moja na heroini, hushikamana navyo, ndiyo maana huokoa waliozidisha heroini. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwachoma watu sindano mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, na maumivu ya jino yaliyochochewa kwa umeme yakapungua. Walipodungwa naloksoni, nafuu ikatoweka. Hilo liliashiria kwamba ubongo ulikuwa umemwaga endofini, mofini yake wenyewe. Baadaye Han Jisheng wa Beijing alionyesha kwamba umeme ukipitishwa kwenye sindano kwa mapigo 2 kwa sekunde huamsha enkefalini, na kwa mapigo 100 huamsha dinofini, zote mbili zikiwa kemikali za ubongo za jamii ya endofini.

Ushahidi huo naukubali. Wasiwasi wangu ni mwingine. Mwaka 1978, wagonjwa waliong'olewa magego walipewa dawa bandia, baadhi wakapata nafuu, na naloksoni ikaifuta vilevile. Kumbe endofini humwagika hata kwa tumaini tupu! Kipimo hicho basi hakitenganishi kazi ya sindano na imani ya anayechomwa.

Majaribio makubwa yanaonyesha hivyohivyo. Ujerumani mwaka 2007, kati ya wagonjwa 1,162 wa mgongo, walionufaika kwa akupancha halisi walikuwa asilimia 47.6, kwa sindano za juujuu zisizofuata sehemu za kijadi, 44.2, kwa tiba ya kawaida, 27.4.

Kinachonishughulisha zaidi ni utafiti mdogo wa Michigan wa 2009, kwa wanawake 20 wenye fibromialjia, yaani maumivu sugu ya mwili mzima. Picha za ubongo zilionyesha vipokezi vya endofini vikiongeza uwezo wa kunasa kemikali kwa waliochomwa sindano halisi, si kwa wa bandia. Lakini maumivu yalipungua karibu sawa kwa wote. Huenda nafuu ina njia mbili, ya sindano na ya tumaini.

Kwa hiyo anayesema "ni mawazo tu" anakosea, maana mawazo nayo yana kemia yake. Naye mganga anayetaja endofini kama uthibitisho wa mikondo ya nishati mwilini, ambayo tiba hiyo ya jadi huiamini, anapitiliza. Mwenye maumivu sugu ya mgongo namshauri ajaribu akitaka. Maumivu mapya yasiyojulikana chanzo yachunguzwe kwanza, kwa sababu endofini hunyamazisha maumivu na kuuacha ugonjwa palepale.