Mtungi wa bure, halafu?

Nimechoka na picha za mitungi. Kiongozi kasimama katikati, akina mama wamepangwa mstari, kila mmoja na mtungi wake wa gesi, na chini ya picha tunaambiwa familia hizo zimehamia kwenye nishati safi. Zimehamia lini? Gesi yenyewe haijawashwa. Na miezi sita baadaye harudi mtu kuuliza kama mtungi ule umewahi kujazwa tena.

Nimeingia kwenye majiko ya namna hiyo. Mtungi uko kwenye kona, umefunikwa kitambaa, juu yake zimepangwa sahani. Hatua mbili pembeni sufuria iko kwenye mafiga, masizi yamepanda ukutani hadi darini. Mama mwenye jiko hahitaji semina ya madhara ya moshi. Macho yake mekundu na kikohozi cha mtoto aliye mgongoni vimeshamfundisha. Anachokosa ni pesa ya kujaza, yote kwa mkupuo, siku gesi inapokata.

Mkaa unauzwa kwa kopo. Mafuta ya taa yanapimwa hata kikombe. Kuni, kama hazinunuliwi, zinalipiwa kwa mgongo wa mama na muda wa masomo wa binti yake. Anayelipwa kwa siku ananunua moto wa siku, na gesi inamtaka alipie moto wa wiki kadhaa kwa mara moja. Wataalamu watakuonyesha kwamba mijini, ukijumlisha makopo yote ya mwezi, mkaa unaweza kuizidi gesi kwa gharama. Sawa, lakini hesabu ya mwezi ni ya mwenye mshahara.

India imeyapitia haya. Mwaka 2016 ilianzisha mpango wa Ujjwala, na kufikia 2019 kaya maskini milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa na gesi kwa majina ya wanawake. Ni kazi kubwa, siibezi. Ila kaya hizo zilijaza mitungi michache kuliko wateja wengine, na nyingi zikaendelea kuchanganya gesi na kuni na samadi. Mwaka 2022 serikali ikaweka ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa. Mwaka uliofuata ikaipandisha hadi 300. Yaani kilio cha bei ya kujaza kilikuwa cha kweli.

Indonesia iliigusa bei tangu mwanzo. Kuanzia 2007 ilihamisha ruzuku kutoka mafuta ya taa kwenda kwenye gesi, na mtungi ukawa wa kilo 3, unaobebeka kwa mkono mmoja na kujazwa kwa pesa ndogo. Makumi ya mamilioni ya kaya wakaachana na mafuta ya taa. Nakiri, ruzuku ile ni mzigo mzito kwa hazina, na wenye uwezo nao wameichota.

Kenya nayo ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia 2021, ikaishusha hadi 8 mwaka uliofuata, ikaiondoa 2023. Familia ipange vipi jiko lake hapo?

Najua gesi si jibu la milele, na umeme ukiwa wa uhakika na wa bei nafuu nitaushangilia. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000. Siwezi kumwambia mama yeyote asubiri.

Mita za kufunga kwenye mtungi zipo tayari: unalipa kwa simu kiasi cha mlo mmoja, gesi inafunguka, salio likiisha inajifunga. Pesa za umma ziende huko, kwenye mitungi midogo, na kwenye ruzuku ya kujaza kwa kaya zisizo na uwezo. Na kila anayegawa mitungi atangaze pia ni mingapi imejazwa mara ya pili, na mara ya tatu. Asiye na hesabu hiyo asituambie kuna aliyehama.