"Umewajua Lini Hao?"

Swali hilo limenikera wiki nzima. Aliyeniuliza si mjinga hata kidogo. Ni mtu wa vitabu na adabu zake, na aliuliza kwa ule upole wa mtu anayetaka unyamaze bila yeye kuonekana kakunyamazisha. Nilikuwa nazungumzia dhuluma waliyotendewa Wachagosi, wenyeji wa visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi. Jibu la kweli ni kwamba nimewajua juzijuzi tu. Kwani hasira siku hizi inaombewa kibali, mpaka ipigwe muhuri ndipo mtu aruhusiwe kukasirika?

Novemba 1965 Uingereza ilivimega visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, ambayo ilikuja kupata uhuru 1968, kwa kuwa Marekani ilitaka kituo cha kijeshi Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote pale. Kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote wakahamishwa, wakatupwa Mauritius na Ushelisheli. Mbwa wao walikusanywa wakafungiwa kwenye banda la kukaushia mbata, wakauawa kwa moshi wa magari. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Mpaka leo najiuliza kwa nini ni mbwa walionishika koo kabla ya watu. Labda kwa sababu watu walikwisha kutungiwa maelezo: eti si wenyeji, ni vibarua wa mkataba wanaorudishwa kwao. Mbwa hakuna aliyejisumbua kuwatungia chochote.

Halafu kuna ile barua ya ndani ya serikali ya Uingereza ya 1966. Afisa mkubwa anaandika kwamba visiwani hakutabaki wenyeji isipokuwa shakwe, ndege wa baharini, ambao bado hawana kamati yao. Mzaha, ofisini, kwa mshahara wa serikali, juu ya watu waliozika bibi na babu zao pale.

Sasa niambieni, huyo naye aliulizwa amewajua lini?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Utaalamu anadaiwa mmoja tu, yule anayemtetea mnyonge. Mtu akisema "mimi simo", hakuna anayemuuliza amesoma vitabu vingapi hata akaamua kutokuwemo. Akinyamaza huitwa mwenye busara, hata kama hajui Chagos iko bahari gani. Lakini fungua mdomo useme "hawa wameonewa", utaletewa mtihani: historia ya karne mbili, sheria za bahari, usalama wa dunia, na mwisho kabisa lile neno lao, kwamba suala ni tata. Tata kwa nani? Mwenye nyumba aliyefukuzwa haoni utata wowote.

Na msiniambie tatizo ni elimu. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Mauritius haikuondolewa ukoloni kihalali na kwamba Uingereza inapaswa kukomesha utawala wake visiwani haraka iwezekanavyo. Mei mwaka huohuo azimio la kuitaka Uingereza iondoke likapigiwa kura Umoja wa Mataifa: nchi 116 zikaafiki, 6 zikapinga, 56 zikajizuia. Hizo 56 zina mabalozi, zina wanasheria, na maoni ya mahakama zilikuwa nayo mezani. Zilikosa nini hasa cha kusoma?

Upande wa pili yuko Liseby Elysé, mwanamke wa kisiwa cha Peros Banhos. Ushahidi wake ulioneshwa kwa video mbele ya mahakama hiyo kule The Hague, Septemba 2018. Hakujua kusoma wala kuandika. Kwa Krioli akaeleza jinsi walivyopakiwa melini gizani wasikione kisiwa chao kikiachwa nyuma, yeye akiwa na mimba ya miezi minne, na jinsi alivyompoteza mtoto baada ya kufika Mauritius. Majaji walimsikiliza. Na kabla yake kulikuwa na akina Lisette Talate na Charlesia Alexis, waliogoma kula mjini Port Louis ili tu watu wageuze shingo kuwatazama. Hao wana haki ya kuniuliza nimewajua lini. Wengine, hapana.

Haya, nakubali, tena kwa shingo upande: wapayukaji wapo. Mtu anasambaza picha ya vita vya nchi nyingine, analia siku mbili, wiki ijayo kahamia kwenye jambo jipya. Wanaudhi, na wanaharibu. Basi wasahihishwe. Ila kusoma nako kuwe na mwisho, maana nawajua watu ambao mwaka nenda mwaka rudi "bado wanafuatilia".

Wachagosi wenyewe hawasemi kwa sauti moja. Mkataba uliotiwa saini Mei 2025 ulipanga kuirudishia Mauritius mamlaka ya visiwa, huku kituo cha Diego Garcia kikibaki mikononi mwa Waingereza na Wamarekani kwa miaka 99. Kuna Wachagosi walioupokea kwa furaha. Kuna wengine waliokasirika kwamba serikali mbili zilijadiliana kuhusu nyumba yao bila wao kuwa na kiti mezani. Kuwachagulia upande si kazi yangu, na sitaifanya. Ila hilo la kiti nalisema, na yeyote akitaka kunitahini, aanze kwanza kwa kunieleza kwa nini hawakupewa.