Marehemu Hasemi, na Mwenye Kadi Ndiye Aanze

Kila Jumamosi usiku, baada ya vyombo kuondolewa mezani, nyumbani kwetu hapa Arua, Uganda, hufanyika upelelezi wa mauaji. Katoni tupu ya sabuni husimamishwa mwisho wa meza, mtu mmoja hukaa nyuma yake, na kuanzia hapo mtu huyo ndiye marehemu: haruhusiwi kutamka neno, kukohoa kwa makusudi, wala kutikisa kichwa mpaka mchezo uishe. Sisi wengine, watu wanne au watano, tuna kazi moja tu, nayo ni kuelewa kile ambacho marehemu anajaribu kutuambia: nani alimwua, wapi, na kwa silaha gani. Tukifaulu tumefaulu sote, na tukishindwa hakuna anayeweza kusema kwamba yeye binafsi hakushindwa. Nimeshaucheza mchezo huu kiasi cha kuwa na msimamo wangu kuuhusu, na msimamo huo ni kwamba wengi wanaoufundisha hueleza kanuni zake vizuri, lakini huliacha jambo linalouokoa au kuuharibu, yaani nani aanze kusema.

Mchezo wenyewe unaitwa Mysterium. Waliouunda ni Oleksandr Nevskiy na Oleg Sidorenko kutoka Ukraine, na toleo linalojulikana zaidi lilitolewa na kampuni ya Libellud ya Ufaransa mwaka 2015. Hadithi yake inatokea katika jumba la kale huko Uskoti, ambako waaguzi wamekusanyika ili kusikiliza mzimu wa mtu aliyeuawa. Kabla yake watu wengi walikuwa wanajua Cluedo, mchezo uliobuniwa na Mwingereza Anthony Pratt na kuanza kuuzwa mwaka 1949, wenye washukiwa 6, silaha 6 na vyumba 9, yaani majibu 324 yanayowezekana. Katika Cluedo kila mtu hupeleleza peke yake na huwaficha wenzake alichogundua. Mimi sikuupenda hata nilipoucheza na watu ninaowapenda, kwa sababu kifo cha mtu hugeuka mashindano ya nani atakuwa wa kwanza kujua. Katika Mysterium ukificha ulichokiona, unajiangamiza pamoja na wenzako.

Sanduku la Mysterium nililiona kwa mgeni aliyekuja kutembelea familia yetu, na alipoondoka aliondoka nalo. Tukatengeneza letu. Washukiwa wetu ni mwuza chapati, dereva wa bodaboda, fundi cherehani, mlinzi wa usiku, mwenye duka la dawa na kondakta wa basi. Mahali ni stendi, sokoni, kisimani, ghala la tumbaku, uwanja wa mpira na kituo cha mafuta. Silaha ni panga, kamba, nyundo, mchi, sumu na jiwe la kusagia. Kila kimoja kimechorwa juu ya kipande cha boksi. Kadi za njozi, ambazo ndizo lugha pekee ya marehemu, tulizikata kutoka kwenye kalenda kuukuu, magazeti na karatasi za kufungia bidhaa, kwa masharti mawili: picha isiwe na maandishi yoyote, na isionyeshe moja kwa moja kitu chochote kati ya vile tulivyovichora.

Kucheza si kugumu. Kwa kila mpelelezi, marehemu huchomoa kwa siri, bila kuchagua, mshukiwa mmoja, mahali pamoja na silaha moja, akavipanga nyuma ya katoni. Kila mpelelezi basi ana fumbo lake, na mafumbo hayafanani. Marehemu hushika kadi saba za njozi mkononi. Humpa kila mpelelezi kadi moja au zaidi, zile anazoona zinaelekea kwenye jibu la mtu huyo, kisha hujaza mkono wake hadi ziwe saba tena. Wapelelezi huzitazama, huzijadili kwa sauti, na kila mmoja huweka kizibo chake cha soda juu ya mshukiwa anayemdhania. Aliyepatia husonga mbele kwenye mahali, kisha kwenye silaha; aliyekosea hubaki palepale na kadi zake, akisubiri nyingine za kuongezea. Zipo saa saba tu, yaani mizunguko saba. Ikiwa saa ya saba itakwisha na hata mtu mmoja hajakamilisha vitu vyake vitatu, sote tumeshindwa.

Waliokulia kwenye vitendawili watauelewa haraka kuliko wanavyodhani, isipokuwa katika jambo moja. Mtegaji wa kitendawili hufurahi tukishindwa, kwa sababu tutampa mji. Marehemu hapewi mji. Anakaa nyuma ya katoni akitusikia tukipotea, anajua jibu, na hawezi kutusaidia kwa chochote isipokuwa picha saba ambazo pengine hakuna hata moja inayofaa. Hali hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi katika mchezo huu: mwenye ukweli ni bubu, na wenye midomo hawaujui. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kutazama na kusikiliza, na hapo ndipo tulipoharibikiwa sisi.

Usiku mmoja mke wangu alikuwa marehemu. Alimpa mpwa wangu, mvulana wa miaka kumi na miwili, picha ya mzigo wa kuni ulioegemezwa ukutani. Kabla mtoto hajaiinua vizuri, mjomba wangu, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamheshimu, alisema kwamba kuni ni moto, moto ni jiko, na jiko ni mwuza chapati. Hoja ilikuwa nzuri. Sote tuliitikia, na kijana akaweka kizibo chake kwa mwuza chapati. Ilikuwa si kweli. Saa iliyofuata alipewa picha ya barabara yenye vumbi, na mjomba akasema vumbi ni unga. Kizibo kikarudi kwa mwuza chapati kwa mara ya pili, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote kwa kuwa tulikwisha kujua kwamba siye, lakini mjomba aliamini kwamba marehemu alikuwa amekosea kuangalia kadi zake. Saa ya tatu kijana alisema kwa sauti ya chini sana kwamba mzigo ule wa kuni ulikuwa umefungwa kwa ukanda mweusi wa mpira wa tyubu, kama ule ambao watu wa bodaboda hufungia mizigo nyuma ya pikipiki. Tukaisogeza picha karibu na taa. Ukanda ulikuwepo, mwembamba, umezungushwa mara mbili na ncha yake imechomekwa chini. Mtoto alikuwa ameuona tangu mwanzo. Saa mbili zilikuwa zimepotea, na usiku ule tulishindwa kwa kukosa saa moja.

Sikusudii kumlaumu mjomba, kwa maana tumelelewa hivyo sote: mkubwa akisema, mdogo hunyamaza, na katika mambo mengi ya nyumbani utaratibu huo una heshima yake na faida yake. Lakini mezani pale mkubwa hana macho zaidi ya mtoto, na akishatangulia kusema, wengine hawaitazami tena picha, wanalitazama neno lake. Michezo mingi ya kushirikiana ina ugonjwa huu wa mtu mmoja kuwachezea wenzake. Tangu usiku ule tuna kanuni yetu, ambayo mjomba mwenyewe ndiye aliyeitamka: mwenye kadi aanze kusema anachokiona, kisha wafuate wengine kuanzia mdogo, na mkubwa awe wa mwisho. Tena aanze na kile kilichomo kwenye picha kabla ya maana yake: rangi, umbo, kilichoko pembeni, kilichofungwa kwa kitu gani. Ninaamini kanuni hii inapaswa kufundishwa kabla ya kanuni nyingine zote za mchezo.

Kwa sababu hiyohiyo ninapinga tabia ya kuacha sehemu ya kura. Wengi huiona kuwa usumbufu. Baada ya kila mtu kuweka kizibo, wengine wanaweza kuonyesha kama wanakubaliana naye au la. Sisi hutumia punje ya mahindi kwa kukubali na harage kwa kukataa. Anayepatia katika kura hizo hujipatia alama, na alama zitamfaa mwishoni. Yupo shemeji yangu ambaye hatabishana na mtu hata siku moja, lakini ameweka harage mbele ya vizibo vya watu wazima mara nyingi, akiwa sahihi. Ukiondoa kura umemwondoa mtu kama huyo mezani.

Kuna faida nyingine ambayo hapa Uganda ina uzito wake. Mezani kwetu yupo Mlugbara, yupo Mualuri, na yupo jirani Mnubi, na lugha inayotukutanisha ni Kiswahili, ambacho Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005. Kadi hazina neno hata moja. Hakuna anayetangulia kwa sababu ya kusoma Kiingereza haraka, na kila mtu analazimika kuyatafuta maneno ya Kiswahili ya kueleza kivuli, mkunjo wa nguo au rangi ya maji. Watoto wetu wamejifunza pale maneno ambayo sijawahi kuwasikia wakiyatumia mahali pengine.

Wapo ndugu waliotujia na wasiwasi, na ninawaheshimu. Baadhi, Waislamu kwa Wakristo, hawapendi mchezo wa mizimu na waaguzi ndani ya nyumba. Ndiyo maana sisi tunasema marehemu na wapelelezi, na hakuna kanuni hata moja iliyolazimika kubadilika. Wengine husema kwamba mauaji si jambo la kuchezea katika nchi ambayo familia nyingi zimezika watu wao kwa vita na visasi. Hoja hiyo sikuipuuza. Tumekubaliana kwamba mshukiwa asipewe jina wala sura ya mtu tunayemjua, kifo kilichotokea kweli kisitajwe, na mgeni mwenye msiba asialikwe mpaka yeye mwenyewe aombe. Pamoja na hayo naona kwamba mchezo ambao haumruhusu mtu kumhukumu mshukiwa kwa kelele za wengi, bali kwa ushahidi uliotazamwa na kila jicho, si fundisho baya kwa kijana.

Mwisho wa mchezo ndio unaohitaji ukimya mkubwa zaidi. Wote wakishakamilisha, kila mpelelezi ana mshukiwa, mahali na silaha mbele yake, na mmoja tu kati ya hao ndiye mwuaji wa kweli. Marehemu huandika kwa siri namba ya mwuaji huyo, huchagua kadi tatu za njozi, moja kwa mtu, moja kwa mahali na moja kwa silaha, kisha huzichanganya. Wenye alama chache huona kadi moja tu na kupiga kura yao, wenye alama za kati huona mbili, na wenye nyingi huziona zote tatu. Hakuna kujadiliana.

Jumamosi iliyopita marehemu alikuwa yule mpwa wangu. Mjomba alikuwa na alama chache, akaonyeshwa kadi moja, picha ya mkono uliovaa bangili, akaitazama kwa muda mrefu, akapiga kura yake na kuiweka mikono yake juu ya meza bila kusema neno. Kura zilipofunguliwa, nne kati ya tano zilikuwa sahihi, na iliyokosea ilikuwa yake. Aliichukua ile kadi, akamgeukia mtoto na kumwuliza alikuwa anaona nini humo. Kijana alitoka nyuma ya katoni, akapitisha kidole chake juu ya bangili kuizunguka yote, kisha akakipitisha vilevile juu ya mdomo wa kisima kwenye kipande cha boksi.

“Hapa, babu,” akasema. “Tazama duara lake.”