Hii put off itanifukuzisha kazi

Jamani banange, Kiingereza mimi nakiheshimu, ni lugha rasmi hapa Uganda tangu uhuru 1962, lakini hii put off imenishinda. Put ni weka, hiyo nilishika tangu P1. Off ndo kama jenereta ikikata. Sasa ukiweka halafu ikakata unapata nini?

Juzi jioni bosi kanitumia meseji, put off tomorrow's meeting. Mi ndo natunza ukumbi. Nikashangaa kidogo mana mkutano wenyewe haujaanza lakini bosi ni bosi, nikazima taa zote, feni, spika, hadi friji ya soda nikachomoa isije ikasemwa nimebakisha kitu, nikafunga milango nikamjibu done sir. Asubuhi saa mbili watu hao getini, wengine wametoka Jinja na taksi ya alfajiri, wanauliza chai iko wapi. Kumbe alimaanisha ahirisha! Na hata soda baridi ya kuwatuliza hakuna, zote za moto.

Tena nasikia Mwingereza mwenyewe taa anaiturn off, hii ya kuput off taa tumeizoea sisi huku.

Jumapili shemeji yangu kaja kula, anasema harufu ya mukene, dagaa wetu hawa, inamput off. Nikamtazama juu mpaka chini, mbona anawaka tu? Mpaka mke wangu aliponikanyaga chini ya meza ndo nikaelewa jamaa hamu imekata. Sahani yake nikaimaliza mimi.

Kiswahili bwana kimenyooka. Na kiko kwenye katiba, ibara ya 6, mabadiliko ya 2005, lugha rasmi ya pili, ila kitumike vile bunge litakavyopanga kwa sheria. 2022 baraza la mawaziri nalo likapitisha kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Miaka yote hiyo kati kati ndo nini kama si put off? Ile ya bosi lakini, sio ya taa, nishajua.

Nikawa namringia kijana wangu wa P5 usiku, eti Kiswahili hakina ujanja ujanja, neno moja maana moja. Akaniangalia.

"Taata, unapiga simu, unapiga pasi, unapiga picha, mama anapiga deki. Hivyo vitu vyote vimewakosea nini?"

Nikamwambia put off taa ulale.

"Niizime ama niiahirishe?"

Kabla sijajibu yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zikaisha.